Mtaro ulioziba kati ya nyumba nne: kisa cha mteremkoni Kigoma

Mvua kubwa ya kwanza ya mwezi Novemba ilinyesha usiku. Asubuhi yake, mwalimu mstaafu anayeishi katika nyumba ya pili kutoka juu, kwenye mteremko mmoja wa Mwanga mjini Kigoma, aliamka akakuta ndala zake zinaelea chumbani. Maji yaliyoingia hayakuwa ya mvua peke yake. Yalikuwa na utando wa mafuta mekundu, magamba ya samaki na harufu ya choo, kwa sababu shimo la choo chake, lililo nyuma ya jiko, lilikuwa limeingiwa na maji ya mtaro mpaka likafurika. Mwalimu alichukua rula ya mbao aliyokuwa akiitumia darasani, akapima alama ya maji kwenye ukuta wa jiko, akapata sentimita 14, kisha akaandika kipimo hicho na tarehe katika daftari.

Niliitwa na mwenyekiti wa mtaa siku tatu baadaye, kwa kuwa ninajitolea katika kata kama msaidizi wa kisheria. Wakati huo majirani walikuwa wamekwisha kutoleana maneno makali, na mmoja alikuwa amefunga geti lake. Wote wanne waliniuliza swali moja, ingawa kila mmoja aliliuliza akiwa amekwisha kujijibu: mtaro wa pamoja ukiziba, ni wajibu wa nani kuuzibua, na nani alipe hasara? Nimeandika kisa hiki kwa ridhaa yao na bila majina yao, kwa sababu naamini kwamba katika migogoro ya aina hii tunakosea mapema sana, pale tunapomtafuta mwenye kosa kabla ya kuufungua mtaro na kuutazama.

Mahali na mtaro wenyewe

Anayeijua Kigoma anajua kwamba mji huu umekaa juu ya vilima vinavyoshuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Maji ya mvua hapa huanza safari mara yanapogusa ardhi, yakibeba udongo mwekundu, na yanapokosa njia hujitengenezea njia. Wakazi wa Katubuka, ambako maji ya miinuko ya pembeni hukusanyika, hawahitaji kuelezwa jambo hili.

Nyumba nne za kisa hiki zimepangana kama ngazi. Ya juu kabisa ina vyumba sita vya kupangisha, na mwenye nyumba anaishi Kasulu. Ya pili ni ya mwalimu. Ya tatu ni ya mfanyabiashara wa mitumba aliyeinunua mwaka 2019. Ya nne, iliyo barabarani, ni ya mzee mmoja mstaafu wa reli. Mtaro ulichimbwa mwaka 2003 na wamiliki wa wakati ule, waliochangiana saruji na nguvu. Haukuandikwa popote. Ulikuwa wa wazi, upana sentimita 30 na kina sentimita 30, ukipita mpakani mwa nyumba ya juu na ya pili, ukakatisha katikati ya kiwanja cha nyumba ya tatu, ukapita kando ya ukuta wa mzee na kumwaga kwenye mtaro wa barabara ya mtaa. Mwaka huo maji ya matumizi yalikuwa ya kuchota kwa ndoo na nyumba ya juu ilikuwa na familia moja tu, hivyo mtaro ulifanya kazi hasa msimu wa mvua.

Mwaka 2021 mwenye nyumba ya tatu alihitaji nafasi ya kuongeza vyumba viwili. Aliuondoa mtaro wa wazi katika eneo lake, urefu wa mita 11, akalaza bomba la plastiki la inchi nne, akalifukia na kumwaga zege juu yake. Hakuweka chemba hata moja, yaani shimo dogo lenye mfuniko la kukagulia na kusafishia bomba, wala mlangoni mwa bomba hakuweka chujio la kuzuia takataka.

Machi iliyotangulia tukio hili, maji yalirudi nyuma kwa mara ya kwanza na kusimama uani kwa mwalimu kwa siku mbili bila kuingia ndani. Mwalimu alimwandikia jirani yake wa chini barua ya nusu ukurasa, akaipitisha kwa mwenyekiti wa mtaa na kubaki na nakala. Jirani aliipokea, akasema atamwita fundi mvua zikikata. Mvua zilikata mwezi Mei, na fundi hakuitwa. Naomba msomaji aiweke barua hiyo akilini, kwa maana nitairudia.

Walivyosema wenyewe

Kikao cha kwanza kilifanyika uani kwa mwalimu, kwenye viti vya plastiki vilivyokuwa bado na alama ya tope miguuni.

Mwenye nyumba ya tatu alianza kwa heshima. "Mwalimu, shikamoo. Mimi mtaro huu niliukuta. Bomba nililoweka lilikuwa kwa ajili ya usafi, na wewe mwenyewe ulisema harufu na nzi vimepungua. Uchafu unatoka juu. Kwa nini ugomvi uje kwangu?"

"Marahaba, mwanangu," mwalimu alijibu. "Ni kweli uchafu unatoka juu, lakini umelala kwako."

Mwenye nyumba ya juu alizungumza nasi kwa simu iliyowekwa sauti kubwa mezani. Alisema kwamba yeye amepangisha vyumba, hakupangisha mtaro, na kwamba kuhusu mafuta aulizwe aliyeyamwaga. Aliyekusudiwa ni mpangaji wake, mama lishe anayekaanga migebuka na kuuza chakula, ambaye masufuria yake huoshwa kila jioni kwa maji ya moto na sabuni. Alikuwapo, na maneno yake yalibadilisha mwelekeo wa kikao: "Nilipopanga, nilionyeshwa bafu na nikaonyeshwa pa kumwaga maji. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyenionyesha kwa mkono wake, akasema mwaga hapa, yatashuka."

Mzee wa barabarani alikuwa na machache. Kwake hakuna kilichoziba. Maji yakimfikia yanapita, yasipomfikia hana la kusema, na hakuona sababu ya mafundi kukanyaga bustani yake ya mchicha kwa ajili ya ugomvi wa watu wa juu.

Mwalimu alitaka kila kitu kilipwe na mwenye nyumba ya tatu: mtaro mpya, godoro, unga ulioloa, kunyonywa kwa choo, na ufa uliokuwa ukutani upande wa jiko.

Siku ya kufukua

Nilipendekeza jambo moja, nalo lilikubaliwa baada ya mabishano marefu: pasiwe na mtu wa kutaja fidia mpaka mtaro ufunguliwe mbele ya wote wanne. Malipo ya kibarua wa siku hiyo, Sh 40,000, yaligawanywa kwa usawa, Sh 10,000 kwa kila nyumba, na tuliandika kwenye karatasi kwamba kutoa fedha hiyo si kukiri kosa. Sentensi hiyo fupi ilisaidia kuliko hotuba yoyote niliyoitoa, kwa sababu watu wengi hukataa kuchangia uchunguzi wakihofia kwamba mchango utatumika kama ushahidi dhidi yao. Mzee naye alifungua geti baada ya mwenyekiti wa mtaa kufika pamoja na afisa afya wa kata.

Fundi alianzia chini, na alifanya vizuri. Mtaro unaopita kwa mzee ulikuwa mkavu. Mtaro wa barabara ulikuwa na mchanga nusu ya kina chake, lakini ndoo tatu za maji zilizomwagwa mdomoni mwake zilipita bila kurudi. Hapo hoja ya kwamba tatizo zima ni mtaro wa barabara, ambayo wawili kati ya wanne walikuwa wameikumbatia, iliishia. Kisha akasukuma nondo ndani ya bomba kwa upande wa chini, nayo ikaingia mita nne na kugota. Kwa upande wa juu haikuingia hata nusu mita.

Zege lilivunjwa kwa nyundo saa nne asubuhi. Kilichotoka ndani ya bomba nimekiona kwa macho yangu na siwezi kukisahau: kipande kirefu, kigumu, chenye umbo kamili la bomba, kinachofanana na sabuni ya mche iliyokaa juani. Fundi alikikata kwa panga. Ndani kulikuwa na matabaka. Juu mafuta ya rangi ya chungwa yaliyoganda, katikati mchanga uliochanganyika na magamba na nywele za kusuka, na chini kabisa udongo mwekundu mtupu usio na mafuta. Yeyote anayepika kwa mawese anajua kwamba huyeyuka yakiwa motoni na kuganda yakipoa. Maji ya moto ya sufuria huyabeba vizuri mpaka yakutane na bomba lililo ardhini, ambalo ni la baridi, na hapo hubaki ukutani kidogo kidogo, kila jioni, yakishika kila kinachopita.

Mlangoni mwa bomba, chini ya mchanga, palipatikana mfuko wa rambo wenye mikono, wa aina iliyopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Mwenye nyumba ya tatu aliuinua juu. "Mnaona? Huu ni wa kabla sijaweka bomba." Alikuwa na hoja, ila si kubwa kama alivyodhani. Mfuko unaweza kukaa ardhini miaka kadhaa kisha mvua ikauchimbua na kuuleta mtaroni. Kilichokuwa na uzito zaidi ni lile tabaka la chini la udongo mtupu, lililoonyesha kwamba mchanga ulikuwa ukiingia bila kuzolewa tangu bomba lilipowekwa. Mwalimu mwenyewe, kwa uaminifu ambao namheshimu nao, alikiri kwamba zamani nyumba zote zilikuwa na msaragambo wa kusafisha mtaro kila Oktoba, na kwamba desturi hiyo ilikoma alipofariki mmoja wa waanzilishi. Hakuna aliyeirudisha, na yeye akiwemo.

Katika siku hiyo nilijirekebisha jambo moja. Nilikuwa nimeamini kwamba kosa ni udogo wa bomba. Hesabu inashawishi: mtaro wa sentimita 30 kwa 30 una eneo la sentimita za mraba 900, na bomba la inchi nne lina takriban 81, yaani njia ilipunguzwa zaidi ya mara kumi na moja. Lakini tulipohesabu maji yenyewe, picha ilikuwa nyingine. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la nyumba ya juu lina takriban mita za mraba 200 na la mwalimu 120, hivyo mvua ya milimita 30 kwa saa moja inaleta lita 9,600, sawa na mapipa 48 ya lita 200. Ni maji mengi, ila bomba safi lenye mteremko mzuri lingeweza kuyapitisha. Kasoro kubwa ilikuwa kwamba bomba halifikiki. Mtaro wa wazi ukianza kuziba, mtoto anayepita huona na mtu mwenye beleshi humaliza kazi kwa nusu saa. Bomba lililofukiwa chini ya zege bila chemba huziba kimya, na siku linapojitangaza maji yako chumbani kwa mtu mwingine.

Nani anawajibika

Katika mabishano ya mitaro watu huchanganya maswali matatu: nani ameleta uchafu, uchafu umekwama katika eneo la nani, na nani ananufaika na mtaro. Majibu yake yanaweza kuwa ya watu watatu tofauti, kama ilivyokuwa hapa, na hakuna hata moja linalotosha peke yake.

Nianze na mwenye nyumba ya tatu, aliyesema kwamba mtaro aliukuta. Kwa hoja hiyo ipo hukumu ya Uingereza inayofanana na kisa chetu kwa namna ya kushangaza, ya Sedleigh-Denfield dhidi ya O'Callaghan, iliyotolewa na mahakama ya juu kabisa ya huko mwaka 1940. Katika ardhi ya shirika la wamisionari huko Mill Hill, London, mamlaka ya eneo iliingia bila ruhusa ya shirika na kulaza bomba katika mtaro. Chujio lililopaswa kukaa mbele kidogo ya mdomo wa bomba liliwekwa juu ya mdomo, mahali ambapo halikuweza kuzuia majani. Aliyekuwa akisafisha mtaro kwa niaba ya shirika aliliona bomba hilo. Miaka mitatu hivi baadaye mvua kubwa ilinyesha, majani yakaziba, na bustani ya jirani ikafurika. Shirika lilijitetea kwamba halikuliweka bomba wala kuliruhusu. Mahakama ilikataa utetezi huo. Mwenye ardhi anayejua, au anayepaswa kujua, kwamba kitu kilicho katika ardhi yake kitamletea jirani madhara, na akaacha kuchukua hatua za kawaida alizoweza kuzichukua, huwa ameiendeleza kero hiyo na huwajibika kama aliyeianzisha.

Sheria yetu huzipokea kanuni za aina hii kupitia sheria inayoelekeza matumizi ya sheria za kawaida za Uingereza (common law), yaani kanuni zinazotokana na maamuzi ya mahakama, zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920. Maamuzi ya baada ya tarehe hiyo hayaifungi mahakama yetu, ila husomwa kama hoja yenye nguvu. Na hapa ndipo ile barua ya Machi inapoingia. Kabla ya barua, mwenye nyumba ya tatu angeweza kusema kwamba aliweka bomba kwa nia njema na hakujua kinachoendelea chini ya zege lake. Baada ya barua, hakuwa tena na nafasi ya kusema hivyo. Alikuwa na kiangazi kizima, kuanzia Mei hadi Oktoba, muda ambao fundi angevunja sehemu ndogo na kuweka chemba kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na iliyokuja baadaye. Zaidi ya hayo, tofauti na wamisionari wa Mill Hill, yeye bomba hakulikuta, alilaza mwenyewe. Alichokikuta ni mtaro wa wazi unaosafishika.

Je, aliyemwaga mafuta ameponea hapo? Hapana, na hapa suala ni zito zaidi kwa kuwa kuna mpangaji na mwenye nyumba. Mpangaji, akiwa mkaaji, huwajibika kwa anachokitenda katika eneo analolikalia. Lakini mwenye nyumba aliyepangisha chumba akijua kwamba ndani yake kutafanyika biashara ya kupika, na ambaye mwenyewe alionyesha pa kumwaga maji, hawezi kusimama Kasulu na kusema kwamba hahusiki, kwa sababu kanuni humwajibisha mwenye nyumba pale kero inapotokana na jambo aliloliruhusu. Ni kweli pia kwamba sheria inatofautisha maji ya mvua yanayoshuka yenyewe kwa asili ya ardhi, ambayo kwa kawaida jirani wa juu hawajibiki kwa ajili yake, na maji yaliyokusanywa, kuchafuliwa na kuelekezwa kwa mkono wa binadamu. Mafuta ya masufuria si maji ya asili kwa tafsiri yoyote. Nilimwambia hivyo kwa simu, na nilimwambia pia kwamba mama lishe anayelipa kodi yake kila mwezi hana uwezo wa kujenga karo la kunasia mafuta katika kiwanja kisicho chake. Ni wa kujenga mwenye kiwanja, na wa kulitumia vizuri ni mpangaji.

Kwa mwalimu ilinibidi niseme jambo lililomuumiza. Yeye ndiye aliyeumia, lakini pia ni mtumiaji: maji ya bafu lake, ya kufulia na ya paa lake yote yanaingia katika mtaro huohuo. Katika mtaro wa pamoja hakuna aliye mtazamaji tu. Pia shimo la choo chake lilikuwa na mdomo ulio sawa na ardhi, bila kingo iliyoinuliwa, na kingo ya tofali mbili tu ingezuia maji ya mtaro yasiingie. Na ule ufa wa ukutani, tulipouchunguza kwa tochi, ulikuwa na chokaa ya zamani ndani yake. Ukuta ulipakwa rangi ufa ukiwa tayari upo, hivyo mafuriko ya Novemba hayakuuleta. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaufuta katika orodha yake kwa mkono wake.

Mzee wa barabarani hakusababisha chochote. Hata hivyo mfereji wa paa lake humwaga katika kipande cha mwisho cha mtaro, na mtaro hauwezi kukaguliwa bila kupita kwake. Wajibu wake mkubwa ulikuwa kufungua geti. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua haki ya mtu kunufaika na ardhi ya jirani yake kwa jambo maalumu, kama kupitisha maji, na haki ya namna hiyo haina maana ikiwa mwenye ardhi anaweza kuzuia mtaro usitengenezwe.

Kuhusu mtaro wa barabara, kwa kuwa haukuwa chanzo, nitasema kidogo. Halmashauri za miji zina wajibu wa kusimamia mifereji ya maji ya mvua chini ya sheria ya mamlaka za miji ya mwaka 1982 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Anayetaka kuishtaki halmashauri, tangu marekebisho ya mwaka 2020, hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo kabla ya kufika huko ni busara kuwa na hakika, kwa ndoo tatu za maji kama tulivyofanya, kwamba kizuizi kiko kwao.

Afisa afya alikuwa na njia fupi zaidi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inamwezesha kuamuru kero iondolewe, na maji ya choo yaliyotapakaa uani ni kero isiyohitaji mjadala. Kigoma hatujasahau Mei 2015, kipindupindu kilipolipuka miongoni mwa wakimbizi wa Burundi waliokusanyika Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, wakati meli ya MV Liemba ikiwasafirisha kuwaleta mjini. Afisa afya alisema waziwazi kwamba asingesubiri majirani wapatane ndipo choo kinyonywe, na alitoa siku tatu. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote: hatari kwa afya huondolewa kwanza, gharama zikajadiliwa baadaye.

Makubaliano

Mwalimu alikuwa amefikiria kwenda moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nilimweleza kwamba kwa migogoro ya ardhi sheria hutaka kwanza usuluhishi wa Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu katika mambo ya ardhi bali linapatanisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mhusika anaweza kuendelea mbele. Hatukufika hata huko. Baada ya kuliona lile gogo la mafuta likikatwa kwa panga, hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana juu ya lilikotoka.

Kazi yote iligharimu Sh 840,000. Tuliigawa kwa kufuata sababu ya kila gharama, kwa kuwa kugawa kwa nne kungemwonea mzee na kumpendelea mwenye bomba. Kuvunja zege na kujenga upya mtaro wenye mifuniko inayonyanyuka katika kiwanja cha tatu kulichukua Sh 500,000, na alizilipa mwenye kiwanja peke yake, kwa awamu mbili. Karo la kunasia mafuta katika nyumba ya juu liligharimu Sh 120,000, akalipa mwenye nyumba wa Kasulu. Zilibaki Sh 220,000 za kusafisha mtaro wa juu na kujenga chemba mbili mipakani, ambazo ni manufaa ya wote: nyumba ya juu ilitoa 100,000 kwa wingi wa watu wake, mwalimu 50,000, nyumba ya tatu 40,000 na mzee 30,000. Kunyonya choo cha mwalimu kulilipwa nusu kwa nusu na nyumba ya juu na ya tatu. Godoro lilinunuliwa na mwenye nyumba ya tatu bila kuombwa tena, na alilibeba mwenyewe mpaka mlangoni. Unga mwalimu aliusamehe.

Karatasi tuliyoandika ina kurasa mbili. Inaeleza mtaro unapita wapi, kwamba hautafunikwa kwa kitu kisichonyanyuka, kwamba kila mwenye eneo atafungua geti akipewa taarifa ya siku moja, au papo hapo maji yakiwa yameingia nyumba ya mtu, na kwamba Jumamosi ya kwanza ya Oktoba ni ya msaragambo. Wote wanne waliweka saini, na nakala iko kwa mwenyekiti wa mtaa. Mvua za Desemba na Januari zilipita bila maji kusimama. Mifuniko ilinyanyuliwa mara mbili, na karo la mafuta humwagwa kila wiki na mama lishe, ambaye ameniambia kwamba hajawahi kujua ni mafuta kiasi gani alikuwa akiyapoteza.

Linalonisumbua ni udhaifu mmoja wa karatasi hiyo. Ni mkataba, na mkataba huwafunga walioutia saini. Haki ya kupitisha maji ingeandikishwa kwenye hati ya kila kiwanja ingemfuata hata mnunuzi mpya, lakini kati ya nyumba nne ni moja tu yenye hati. Nyingine zina barua za mauziano zilizoshuhudiwa na uongozi wa mtaa. Mfanyabiashara wa mitumba alinunua mwaka 2019 bila mtu yeyote kumweleza kwamba mtaro uani kwake ni wa watu wanne, na naamini kwamba lau angeelezwa asingeuzika chini ya zege.

Mwezi uliopita mzee wa barabarani alianza kuonyesha nyumba yake kwa wanunuzi, kwa kuwa anataka kurudi kwao. Nilimwendea nikamwomba nakala ya karatasi yetu iambatanishwe na mkataba wa mauziano, na mnunuzi aisome na kuisaini kabla ya kulipa. Amekubali kwa mdomo. Nimemwachia nakala tatu, na Jumatatu nitapita tena kwake.